Nawezaje kufunga yaliyo mabaya bila ya kuwafungia watoto masomo yao?

*"Assalamu alaykum. Nakaa Chake Chake na watoto watatu, baba yao yuko Muscat kikazi. Mkubwa ana miaka 14 na amepewa simu na ami yake. Wa pili ni msichana wa miaka 8, huyu hutumia simu yangu. Wa tatu bado mchanga. Ukumbini tuna rauta ndogo ya laini. Mwezi uliopita picha chafu zilianza kujitokeza kwenye simu yangu na mimi sikufungua kitu chochote. Nikashtuka, nikapakua programu ya kuzuia niliyotumiwa kiungo chake kwenye grupu la wazazi. Toka siku ile mkubwa hafungui masomo yake ya baiolojia, mimi nikitafuta masuala ya twahara baada ya nifasi nafungiwa, na zile picha bado zinakuja. Jirani ananishauri niweke programu ya siri ya kusoma meseji zote za mwanangu. Shangazi yao anasema niiombe kampuni ya simu ifunge kwenye laini. Hakuna njia moja ya kufunga yote mabaya na kuacha mazuri? Na baba yao anaweza kusimamia akiwa huko huko?"*

Waalaykum salaam dada yangu, na hongera kwa mtoto. Ndani ya swali lako mna mambo manne yaliyofungwa kitita kimoja: picha zinazojitokeza kwenye simu yako, programu uliyoipakua kuzizuia, simu ya kijana wako, na simu yako inapokuwa mikononi mwa bintiyo. Kila moja lina dawa yake. Ukiyatibu yote kwa dawa moja hutokea hayo yaliyokupata: baiolojia imefungwa, uchafu uko wazi.

Swali lenyewe nalijibu kwa uwazi. Njia moja ya kufunga mabaya yote na kuacha mazuri yote haipo, na anayekuambia anayo, ama hajui anachouza au anakudanganya. Zipo njia za kupunguza kwa kiasi kikubwa. Hazigharimu fedha, na sehemu kubwa ya kazi unaweza kuifanya mwenyewe usiku mmoja watoto wakishalala.

Kabla ya chochote, iondoe ile programu. Ilikuja kwa kiungo cha grupu, haikupitia Play Store, kwa hiyo hakuna aliyeikagua, na huyo aliyekutumia huenda naye alitumiwa tu. Programu za namna hii huomba ruhusa inayoitwa Ufikivu, iliyowekwa kwa ajili ya watu wasioona vizuri au wasioweza kugusa skrini kama kawaida. Ukishaitoa ruhusa hiyo, programu inaweza kusoma kila kinachoandikwa kwenye skrini, pamoja na namba ya siri ya fedha za simu. Ingia kwenye Mipangilio, uitoe ruhusa hiyo kwanza, kisha ufute programu. Ikigoma kufutika, tafuta sehemu ya usalama penye orodha ya programu zilizopewa usimamizi wa simu, uitoe humo, halafu ufute tena. Kisha fungua Play Store, gusa picha yako juu kulia, chagua Play Protect na uiache ikague simu nzima. Ukimaliza, badilisha namba ya siri ya fedha zako. Sisemi kwamba umeibiwa. Nasema ni dakika tano zitakazokuondolea wasiwasi.

Sasa zile picha. Wewe hukukosea kitu cha aibu, na sipendi ubaki na dhana kwamba kuna mtu ndani ya nyumba aliyetafuta uchafu kwenye simu yako. Mara nyingi chanzo ni kidogo sana. Mtu anafungua tovuti ya kupakua nyimbo, tamthilia au mpira wa moja kwa moja, kinatokea kisanduku kinachosema "bonyeza Ruhusu ili kuendelea", naye anabonyeza. Ruhusa hiyo huwa haina uhusiano wowote na kuendelea. Umeiruhusu tovuti ile ikutumie arifa wakati wowote, hata ukiwa umeshaifunga, na wenye tovuti huuza nafasi hiyo kwa watangazaji wa kila aina. Mtoto wa miaka 8 anayetaka katuni atabonyeza Ruhusu bila ya kusoma.

Picha ikija tena, shusha pazia la arifa, ibonyeze kwa kuishikilia uone imetoka wapi. Ikiwa imetoka Chrome, jina la tovuti litakuwa limeandikwa hapo hapo. Fungua Chrome, nenda kwenye mipangilio yake, ingia mipangilio ya tovuti, kisha arifa, na uondoe kila tovuti usiyoijua. Binafsi nakushauri ufunge arifa za tovuti zote kwa pamoja, hutopungukiwa na kitu. Ikiwa picha zinafunika skrini nzima hata ukiwa umo ndani ya WhatsApp au kwenye kikokotoo, basi hiyo si tovuti, ni programu iliyo ndani ya simu. Tazama orodha ya programu zenye ruhusa ya kuonekana juu ya programu nyingine. Mara nyingi mhusika ni mchezo, tochi au "kisafisha simu" kilichowekwa siku chache kabla ya taabu kuanza.

Nije kwenye lile lililoniuma zaidi, la baiolojia na nifasi. Programu ile yaonekana inazuia kwa kutazama maneno. Ikiona neno la kiungo cha mwili, au la uzazi, inafunga. Haina uwezo wa kujua kwamba ukurasa huu ni wa kitabu cha kidato cha pili, ule ni wa daktari anayefundisha kujikagua saratani ya matiti, na mwingine ni wa sheikh anayeeleza lini mwanamke aliyejifungua anarudi kusali. Wakati huo huo, uchafu ulioandikwa kwa Kiswahili cha mtaani unapita, kwa kuwa orodha za maneno hayo zimetungwa zaidi kwa Kiingereza. Kwa hiyo unapata hasara mara mbili. Bintiyo wa miaka 8 baada ya miaka michache atahitaji kusoma habari za hedhi kutoka mahali pa kuaminika, na nisingependa nyumba yenu iwe imemfungia mlango huo kwa jina la kumlinda.

Njia iliyo bora huzuia kwa jina la tovuti, si kwa maneno yaliyomo. Kila tovuti ina jina tunaloliandika sisi na namba inayotumiwa na mashine. Simu haijui namba hizo, kwa hiyo kila unapofungua tovuti, kwanza huuliza: fulani yuko wapi? Anayejibu anaitwa DNS. Ni kama mgeni aliyeshuka Konde akamwendea sheha kuuliza nyumba ya mtu. Sheha akimwonesha, atafika. Akisema hapa hakuna mtu wa jina hilo, atarudi. Sheha haingii ndani ya nyumba wala hasikilizi yanayozungumzwa humo, anachojua ni majina ya wenye nyumba na walipo. Kwa kawaida simu yako inamuuliza sheha aliyewekwa na kampuni ya simu, naye huonesha karibu kila nyumba. Wewe una haki ya kumbadilisha, ukaweka anayekataa kuonesha nyumba zinazojulikana kwa uchafu.

Wapo wengi wa bure, nami nitakutajia watatu. Cloudflare walianzisha huduma yao ya familia mwezi wa Aprili 2020. Inafunga tovuti za ngono na zile za wizi na virusi, na mengine inayaacha. CleanBrowsing ni wakali zaidi: wanafunga hizo, wanalazimisha Google itafute kwa njia salama, wanaiweka YouTube kwenye hali yenye mipaka, na wanazuia tovuti nyingi za VPN, yaani programu zinazopitisha mawasiliano njia nyingine ili kukwepa vizuizi. Ukali huo una gharama yake. Tovuti zenye mchanganyiko kama Reddit hufungwa zote, na kwenye YouTube maoni hupotea na baadhi ya video nzuri nazo hupotea. Wa tatu ni AdGuard, ambao huduma yao ya familia inafunga ngono pamoja na matangazo. Kwa simu yako, dada yangu, ningeanza na hao AdGuard. Tatizo lako kubwa ni matangazo, na tangazo lisiloshuka halili bando.

Kwenye simu ya Android 9 au mpya zaidi, yaani karibu kila simu iliyotoka baada ya mwaka 2018, fungua Mipangilio, ingia kwenye mtandao au miunganisho, tafuta DNS ya faragha. Ikiwa simu yako iko kwa Kiingereza utaona imeandikwa Private DNS, na kwenye baadhi ya simu imefichwa ndani zaidi, kwa hiyo andika neno DNS kwenye sehemu ya kutafuta iliyo juu ya Mipangilio. Chagua nafasi ya kuandika jina la mtoa huduma, uandike family.adguard-dns.com. Ukitaka Cloudflare, jina ni family.cloudflare-dns.com, na la CleanBrowsing ni family-filter-dns.cleanbrowsing.org. Herufi moja ikikosewa intaneti yote itasita, basi usihangaike, rudi uisahihishe. Ukiweka ya Cloudflare na ukataka kujua kama imeshika, fungua nudity.testcategory.com. Huo ni ukurasa wa majaribio usio na picha yoyote chafu, nao usipofunguka ujue kazi imekamilika. Kwenye waifai ya hoteli au uwanja wa ndege, inayotaka uingie kwanza kwa ukurasa wao, huenda ikagoma kabisa. Izime kwa muda, ukitoka hapo uirudishe.

Rauta nayo unaweza kuibadilishia, ili kila mgeni anayejiunga apite njia hiyo hiyo. Chini ya rauta pana kibandiko chenye anwani ya ukurasa wake, kama 192.168.8.1 au 192.168.1.1, na neno la siri. Ingia kwa kivinjari, tafuta sehemu ya DHCP au DNS, weka 1.1.1.3 na ya pili 1.0.0.3, ambazo ni za Cloudflare ya familia. Kisha badilisha lile neno la siri la kuingilia kwenye ukurasa huo, kwa sababu neno la kiwandani kijana wako atalikisia siku ya kwanza. Baadhi ya rauta zinazotolewa na kampuni za simu sehemu hii imefungwa. Ikiwa yako ni hivyo usipoteze usiku wako, weka kwenye simu peke yake.

Sasa mipaka yake, maana nisipokueleza utakuja kudhani nilikudanganya. Rauta inatawala waifai tu. Kijana akinunua bando kwenye laini yake, yuko nje ya rauta. Simu yenyewe anaweza kuibadilisha DNS kwa sekunde chache ikiwa anajua pa kwenda. VPN hubeba mawasiliano yote kwenye njia yake yenyewe na kuipita rauta bila ya kusimama. Tena kuna Opera Mini, ambayo watu wengi Pemba wanaipenda kwa kuwa inabana matumizi ya bando. Ikiwa kwenye hali ya kubana sana, kurasa huchukuliwa na mashine za Opera zilizo nje na kuletwa simuni zikiwa zimeshabanwa. Simu haiulizi kabisa jina la tovuti ile, kwa hiyo DNS yako haina la kuzuia. Ukitaka kichujio kifanye kazi, kwenye simu ya mtoto isiwepo Opera Mini.

Kuna mpaka mwingine mkubwa zaidi. DNS inaona jina la youtube.com, haioni ni video gani. Inaona x.com, yaani Twitter ya zamani, haioni ni picha gani, na mtandao huo tangu mwaka 2024 sera yake imeruhusu waziwazi maudhui ya ngono ya watu wazima. Kwa mitandao mikubwa unachagua moja kati ya mawili: kuufunga wote, au kuufungua na kutumia vizuizi vilivyomo ndani yake. YouTube ina hali yenye mipaka. TikTok ina uoanishaji wa familia, unaounganisha akaunti ya mzazi na ya mtoto. Kwa X, kwa mtoto wa miaka 14, mimi ningefunga.

Kisha kuna njia ambayo hakuna kichujio cha tovuti kinachoigusa: WhatsApp, Telegram, na mafaili yanayorushwa kwa Xender darasani bila hata ya intaneti. Ukiniuliza mimi, kwa watoto wetu uchafu mwingi hupita hapa, si kwenye tovuti. Meseji za WhatsApp zimefungwa kwa ufunguo baina ya mtumaji na mpokeaji tangu mwaka 2016, hakuna DNS wala rauta inayoona ndani. Unachoweza kufanya ni kupunguza milango. Kaa na kijana, mfungue Mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya faragha, vikundi, mchague kwamba wanaoweza kumuingiza kwenye grupu ni watu aliowahifadhi tu. Kisha zimeni upakuaji wa picha na video wa moja kwa moja, ili kisichotakiwa kisishuke kabla ya kuombwa. Fanya na kwenye simu yako, kwa sababu magrupu ya harusi na ya vikoba nayo yana yake.

Hapo ndipo lilipo jibu la rai ya shangazi yao. Kampuni ya simu haiwezi kukuchagulia ndani ya tovuti. Karibu tovuti zote leo zimefungwa kwa ufunguo, zile zenye alama ya https, kwa hiyo kampuni inaona unakwenda kwa nani, haioni unachosoma. Uzuiaji unaofanyika kwenye mitandao yao huwa ni wa tovuti au huduma nzima, kwa amri zinazohusu nchi nzima, si kwa mahitaji ya nyumba moja. Ukienda dukani kwao waulize kama wana huduma ya familia kwenye laini, si vibaya. Lakini usiikabidhi kazi hii kwao ukarudi nyumbani kulala.

Kwa msichana wa miaka 8, usishughulike na kufunga. Kufunga mabaya moja moja hutomaliza. Kwa umri huu ruhusu machache uliyoyaona mwenyewe, na mengine yote yawe hayapo. Kwa kuwa anatumia simu yako, tumia kipengele cha kubandika programu kilichopo kwenye mipangilio ya usalama ya Android: unafungua video au mchezo uliouchagua, unaubandika, naye hawezi kutoka humo bila ya namba yako, maadamu umewasha chaguo la kuulizwa namba kabla ya kubandua. Video za skuli na za chuoni zipakue mapema kisha uzime data. Simu yako ikiwa ni Samsung, tafuta Samsung Kids, inafanya kazi hii kwa uzuri zaidi. Siku akipata kifaa chake mwenyewe, muundie akaunti ya mtoto ya Google kwa kutumia Family Link, programu yao ya mzazi kusimamia simu ya mtoto, na kwenye Chrome uchague ruhusa ya tovuti zilizoidhinishwa tu.

Kijana wa miaka 14 ni habari nyingine, na hapa naomba unisikilize vizuri kuhusu ushauri wa jirani. Usiweke programu ya siri. Kwanza, meseji zake zote, picha zake na mahali alipo vitakwenda kwenye mashine za watu usiowajua, nao si walinzi wazuri. mSpy, moja ya programu zinazojulikana sana katika biashara hii, imewahi kuvujisha taarifa za wateja wake zaidi ya mara moja, ikiwemo mwaka 2015 na mwaka 2024. Pili, nyingi huwekwa kwa kuzima ulinzi wa simu, na mlango uliouacha wazi kwa ajili yako uko wazi kwa wengine pia. Tatu, na hili ndilo zito kwangu, atajua. Watoto wa umri huu hujua. Akishajua, siku atakayopata matatizo ya kweli mtandaoni wewe utakuwa mtu wa mwisho kuambiwa, na usalama wake unategemea uwe wa kwanza.

Family Link inafaa hapa pia, na uzuri wake ni kwamba haijifichi. Kwa mwenye miaka 13 kwenda juu, usimamizi huwekwa kwa ridhaa yake, na simu inamwonesha nini mzazi anaona na nini haoni. Haisomi meseji. Inakuwezesha kuidhinisha programu kabla hazijaingia, kuweka muda wa matumizi, kuweka saa ya kulala, na kuiambia Chrome ijaribu kufunga tovuti za ngono. Kichujio hicho kinafanya kazi ndani ya Chrome peke yake, kwa hiyo usimuidhinishie vivinjari vingine. Juu ya hayo muwekee DNS ya familia. Kama ami alimpa iPhone, vizuizi kama hivyo vimo ndani ya Screen Time, penye chaguo la kuwekea mipaka tovuti za watu wazima na chaguo la kuruhusu tovuti ulizozitaja tu.

Ridhaa yake utaipataje? Mwambie kweli: kwamba zile picha zilikutokea wewe, kwamba hukuzitafuta, kwamba zinaweza kumtokea na yeye, na kwamba likimtokea hatopigwa wala hatonyang'anywa simu kwa kukueleza. Ahadi hii ya mwisho uitimize. Wavulana wengi hunyamaza kwa khofu ya kupoteza simu, si kwa kupenda uchafu. Kisha mpe njia ya kuomba. Somo likifungwa, akuoneshe jina la tovuti, ulitazame naye, na kama ni la masomo ulifungue siku hiyo hiyo. Kijana anayefunguliwa baiolojia yake bila ya kesi hana sababu kubwa ya kutafuta VPN.

Kuhusu VPN yenyewe, kama imo ndani ya nyumba iwe mikononi mwa watu wazima. Zile za bure zisizojulikana hujilipa kwa kuuza taarifa za mtumiaji. Mjue pia kwamba TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, mwezi wa Oktoba 2023 walitangaza kwamba wanaotumia VPN wajisajili kwao. Laini ya kijana, sote tunajua, imesajiliwa kwa alama za vidole vya mtu mzima, na huenda ni zako.

Jambo lililo jepesi kuliko yote ndilo ninaloliamini zaidi. Usiku simu zote za nyumba, na yako ikiwemo, zichajiwe sehemu moja nje ya vyumba vya kulala. Halihitaji programu, na hakuna VPN inayolipita.

Baba yao anaweza kusaidia akiwa Muscat, kwa sharti moja. Family Link inafanya kazi popote penye intaneti, na mzazi wa pili anaweza kuingizwa kwenye kundi la familia akaidhinisha programu na kurekebisha muda. Lakini Google inataka watu wa kundi moja wawe wa nchi moja. Ikiwa akaunti yake ameshaihamishia Oman, mwaliko unaweza kukataliwa. Kwa hiyo mkuu wa kundi uwe wewe uliye na watoto, akaunti yako ikiwa ya Tanzania, na ukubaliane naye sheria za nyumba kabla ya kuziweka. Kitu kinachovunja mpango wowote upesi ni mama kukataa programu mchana na baba kuiruhusu usiku.

Kama rauta itakushinda, mpelekee fundi unayemfahamu hiyo rauta peke yake. Simu yako usimwachie fundi ikiwa wazi kwa ajili ya kazi hii. Yote niliyokueleza ya simu hayahitaji aondoke nayo.

Kuna hali ambazo ushauri wa kuandikiana hautoshi. Ukigundua mtu mzima anamwandikia mwanao kwa siri, anamuomba picha za mwili wake, anamtumia za kwake, au anamtisha kwamba atazisambaza asipolipwa, usimgombeze mtoto, usifute meseji, na usilipe. Usimjibu mtu huyo wala usimwambie unamjua. Iweke simu kama ilivyo. Na picha ya mtoto aliye uchi usiirushe kwa yeyote, hata kwa nia ya kuomba msaada, hata kwa ndugu: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayotumika Zanzibar pia, inaharamisha kusambaza picha kama hizo. Nenda na simu yenyewe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi. Ikiwa pana dalili kwamba mtoto ameguswa, nenda moja kwa moja kituo cha Mkono kwa Mkono katika Hospitali ya Chake Chake, ambapo daktari, polisi na mshauri wanapatikana pamoja, na uende kabla hajaoga wala kubadilisha nguo. Ukiwa hujui uanzie wapi, au ni usiku na huna wa kumwambia, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto. Ni bure, na wewe mzazi unaweza kuipiga sawa na mtoto mwenyewe.